Fulana Isiyokung'utwa

Mimi simlazimishi mtu kuamini. Sikiliza tu, na ukilala usiku ukasikia kitu kinagonga ukutani, usiseme hukuambiwa.

Jioni ile Jinlan alitoka kwenye mahema ya uwanja wa shule, mfuko wa plastiki kwapani, akaelekea hekaluni. Mjini Fengyuan siku hizo kila mtu alitembea katikati ya barabara, mbali na kuta. Ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara, mitikisiko midogo midogo, na kila ilipotikisika watu walisimama kimya wakangoja kuona kama itazidi. Halafu waliendelea na safari zao. Harufu ilikuwa ya saruji mbichi, chokaa na udi, na hakuna aliyeizungumzia.

Ndani ya mfuko mlikuwa na fulana ya mwanawe, Peiyu, mtoto wa miaka tisa. Tangu usiku wa tetemeko Peiyu hakuwa amesema neno. Hakula. Alilala macho wazi. Ukimwita anageuka, lakini macho yanapita pembeni mwako yanatazama kitu kingine nyuma. Daktari wa kambi alisema ni mshtuko, utapita wenyewe, akatoa vidonge. Jinlan alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akavitia mfukoni vikae humo. Kila mama wa Fengyuan anajua kwamba mtoto akishtuka namna ile, roho yake imeruka ikakaa mahali. Kidonge hakiwezi kwenda kuichukua. Inabidi iitwe.

Na inaitwa kwa nguo. Nguo ileile iliyokuwa mwilini mwake aliposhtuka. Haifuliwi, haikung'utwi, wala haikunjuliwi kabla mwita roho hajamaliza kazi yake, maana roho inafuata jasho lililomo kwenye nguo, na ukiikung'uta umelimwaga njiani.

Kwa hiyo Jinlan hakuikunjua. Hata mara moja. Kumbuka hilo.

Fulana yenyewe ilikuwa ya njano, ya siku ya mbio shuleni. Darasa zima lilipewa za aina moja. Peiyu alikuwa na kichwa kikubwa, wenzake wakimwita Balungi, na fulana ile ilikuwa haimpiti shingoni. Jinlan, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka na kukata nywele na mkasi haukuwa mbali naye, aliikata shingo ikapanuka, akaipinda kwa uzi mwekundu. Mtoto alilia siku nzima kwamba fulana imeharibiwa. Usiku wa tetemeko alilala nayo, ameizungusha shingoni. Jinlan alimtoa kupitia dirisha la jikoni la ghorofa ya tisa, wakatua kwenye paa la jirani, kwa sababu jumba lao, Jumba la Masika, lilikuwa limepiga magoti na ghorofa ya tisa ilikuwa sasa imeshuka sawa na paa hilo. Kulipopambazuka akamtoa shingoni ile fulana iliyojaa vumbi, akaikunja gizagiza vilevile ilivyo, akaitia mfukoni. Alikuwa anajua atakapoipeleka.

Njia ya hekaluni ilipita kwenye kifusi cha Jumba la Masika. Jinlan alijaribu kutokitazama. Chini kabisa, pale ghorofa nne zilipobanana zikawa kitu kimoja, ndipo alipokuwa amelala Yiru.

Yiru na Peiyu walikaa dawati moja. Mama yake, Mama Yiru, aliishi naye peke yao ghorofa ya tatu, akifanya kazi kwenye kiwanda cha keki. Wiki ya sikukuu ya mwezi kiwanda kinaoka usiku na mchana, na Mama Yiru alikuwa zamu. Alirudi nyumbani akikimbia, aproni bado kiunoni, akakuta hakuna ghorofa ya tatu. Lakini kulikuwa na sauti. Watu wote waliisikia, hata waokoaji.

Tatu. Halafu mbili.

Ndivyo Yiru alivyobisha hodi kila siku akitoka shule. Mama Yiru alilala kifudifudi juu ya zege akagonga kwa kipande cha tofali, tatu, halafu mbili, na kutoka chini akajibiwa. Usiku wa kwanza. Usiku wa pili. Usiku wa tatu mwezi wa sikukuu ukatoka mkubwa, mweupe, wahisani wakagawa keki kwenye mahema na hakuna aliyezila. Mama Yiru aligonga mpaka alfajiri na hakujibiwa. Asubuhi katapila ikamtoa mtoto.

Jinlan aliharakisha. Giza lilikuwa linaingia.

Bibi Kuei alikuwa kwenye ua wa hekalu, chini ya turubai, kwa sababu paa la hekalu lilikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Alikuwa bibi mnene, mtoto wa jicho machoni, mdomo mwekundu kwa tambuu. Foleni ya akina mama ilikuwa ndefu, kila mmoja na mfuko wake. Alimaliza mmoja akatema, akaita mwingine. Akimwona mama analia anamfokea akalie nje, hapa anafanya kazi.

Alimwuliza Jinlan jina la mtoto, siku aliyozaliwa, anapoishi. Jinlan akataja Jumba la Masika. Bibi Kuei akajaza bakuli mchele, akausawazisha kwa kiganja, akalifunika kwa ile fulana kama ilivyokunjwa, akaikaza chini. Akawasha vijiti vitatu vya udi. Akaanza kuzungusha bakuli juu ya moshi akiimba kwa sauti ya puani, akimwita mtoto arudi nyumbani, asiogope, njia iko wazi, taa zinawaka, mama anangoja...

Ardhi ikatikisika kidogo. Foleni nzima ikanyamaza.

Bibi Kuei alifunua bakuli. Mchele uliokuwa sawa ulikuwa umeshuka upande mmoja, shimo lenye kina cha kidole. Aliugusa, akainusa ile fulana.

"Huyu alikuwa mahali pa giza," alisema. "Miguu imebanwa."

Jinlan akasema miguu ya mwanawe haikubanwa, walitoka dirishani wote wazima. Bibi Kuei akamjibu kwamba yeye anasoma mchele, hasomi gazeti. Roho imekuja. Amvishe mtoto ile fulana usiku huu, alale nayo. Akatema tambuu akamwita anayefuata.

Kwenye hema Jinlan alimkuta Peiyu ameketi.

Ameketi wima, na anamtazama. Anamtazama yeye, si nyuma yake.

"Nina njaa," mtoto akasema.

Jinlan alipiga magoti palepale. Alimkumbatia, akamlilia kichwani, akamshukuru Bibi Kuei na miungu wote wa Fengyuan mmoja mmoja. Chakula cha boksi kilikuwa kimekwisha. Kulikuwa na keki za sikukuu tu, za choroko. Jinlan akaanza kuomba radhi, kwa sababu Peiyu alikuwa hawezi kabisa choroko, aliwahi kuitapika mbele ya wageni. Mtoto akachukua keki. Akala. Akachukua ya pili, akaokota makombo kwenye kitambaa kwa ncha ya kidole akayalamba.

Mkono aliokuwa akilia keki ulikuwa wa kushoto, na Peiyu hakuwahi kula kwa kushoto.

Acha ale, Jinlan alijiambia. Mtoto hajala siku zote hizo, wewe unatazama mkono? Alimfuta mdomo, akaitoa ile fulana mfukoni, akamwambia ainue mikono.

Kichwa kikakwama.

Alivuta. Hakikupita. Mtoto ndani ya kitambaa cha njano akacheka kidogo, pumzi yake ikalowesha fulana mahali pa mdomo. Jinlan akaivua. Sasa ndipo alipoikunjua, chini ya ile taa ya betri, kwa mara ya kwanza. Shingo ilikuwa nzima. Haikuwahi kuguswa na mkasi. Hakukuwa na uzi mwekundu popote. Na kwenye upindo wa chini palikuwa pameshonwa, mshono mnene wa mtu aliyeshona kwa haraka, kwa uzi wa bluu.

"Hii si yako," Jinlan alisema taratibu.

"Ni yangu," mtoto akajibu. "Tulibadilishana shuleni. Peiyu alitaka yangu kwa sababu inanukia keki."

Alilitaja jina hilo kama mtu anavyotaja jina la mwenzake.

Jinlan alitaka kutoka nje, awaite watu. Akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, Peiyu yuko wapi.

"Kwenye ngazi. Alishuka kunifuata." Mtoto aliziba mdomo akipiga mwayo. "Anaogopa. Anauliza kama umefunga gesi."

Kila usiku, kila usiku wa maisha yao kule ghorofa ya tisa, kabla ya taa kuzimwa, Peiyu aliuliza swali hilo. Hakuna mtu mwingine aliyelijua.

Mtoto akajilaza, akafumba macho, akalala usingizi mzuri wa mtu aliyeshiba. Jinlan akakaa kwenye kona ya hema, magoti kifuani, akimtazama. Uso ulikuwa wa Peiyu. Kovu dogo kwenye kidole gumba, lililoachwa na kisu cha kumenyea balungi, lilikuwa la Peiyu. Vumbi la saruji lilikuwa linanuka, bichi, la maji, na lilikuwa linatoka kinywani mwake akipumua.

Halafu mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, usingizini, ukagusa mlingoti wa hema.

Tatu.

Halafu mbili.

Nje, mahali fulani kati ya mahema, kitu kilianguka, sufuria au ndoo. Nyayo zikakimbia. Pazia la hema likafunuliwa, na Mama Yiru alikuwa amesimama hapo, bila viatu, nywele zimemwagika. Hakumwangalia Jinlan. Aliangalia ile fulana ya njano mikononi mwake, ule upindo wa bluu, halafu akamwangalia mtoto aliyelala. Wala hakupiga kelele. Alikaa chini kidogo kidogo mlangoni, akanyoosha mkono, akagonga mlingoti kwa ukucha.

Mtoto akajibu bila kufumbua macho. Wale wanawake wawili walikesha hivyo, mmoja kila upande.

Asubuhi Jinlan alimkimbilia Bibi Kuei. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasahau kutafuna. Kisha alikasirika, kama wanavyokasirika watu walioingiwa na hofu, akamwambia mama mzima unaleta nguo hujui ya nani. Jinlan akamjibu kwamba haikunjuliwi, nyinyi wenyewe ndio mnaosema. Bibi Kuei akatema tambuu.

Alichosema baadaye alikisema kwa kunong'ona. Aliyekuja ni mgeni. Mgeni hana ubaya, amefuata jasho lake tu. Lakini kesho jioni ni siku ya saba tangu tetemeko, siku ambayo wafu hurudi kutazama nyumba zao kabla ya kuondoka. Mgeni akikutwa bado yumo mwilini jioni hiyo ikipita, hataondoka tena. Na mwenye mwili atabaki pale alipo. Kumrudisha, inatakiwa fulana yake mwenyewe. Ile ya shingo pana.

"Iko wapi?" Bibi Kuei akauliza.

Jinlan alikuwa anajua. Ilikuwa imetoka chini ya kifusi, mwilini mwa Yiru.

Mama Yiru ndiye aliyemvua mwanawe ile fulana, akamwosha, akamvisha gauni la wahisani. Alikuwa nayo kwenye hema lake, ndani ya boksi la keki, pamoja na kibanio cha nywele. Jinlan alipofika hakujua aanzeje. Kuna maneno gani ya kumwambia mama, nipe nguo ya mwanao aliyekufa ili nimfukuze mara ya pili? Alikaa chini. Akasema yote, jinsi Bibi Kuei alivyoyasema, na alipofika kwenye ngazi na gesi akashindwa kuendelea.

Mama Yiru alikuwa akimenya balungi. Aliendelea kumenya, akitoa ngozi nyeupe kwa uangalifu, kipande kwa kipande. Aliuliza kitu kimoja tu. Kama mtoto anaweza kula naye chakula kimoja, kesho, kabla ya jioni.

Jinlan alikubali. Wewe ungekataa?

Kesho yake mchana mtoto alikula kwenye hema la Mama Yiru. Jinlan alingoja nje, mgongo umegeuka, lakini masikio hayageuki. Alisikia wanacheka. Alisikia Mama Yiru akimwimbia kitu cha kitoto, akimkanya asile haraka. Halafu wakanong'ona muda mrefu, mama na mtoto, na hilo hakulisikia. Walipotoka, Mama Yiru alikuwa amemsuka mtoto mikia miwili, jinsi alivyokuwa akimsuka Yiru. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nipe ya mwanangu," alisema, "nikupe ya mwanao."

Jinlan akampa ile ya upindo wa bluu. Mama Yiru akaingia nayo ndani. Alikaa humo kitambo. Akatoka na fulana ya njano imekunjwa vizuri, imefungwa kwenye gazeti, vumbi bado liko kwenye mikunjo.

"Usiikung'ute," alisema.

"Najua," akajibu Jinlan, na akaushika mkono wake akaubusu, mbele za watu, bila haya.

Jioni ya siku ya saba ua wa hekalu ulijaa. Kila familia yenye msiba ilikuwa imeweka meza ndogo na bakuli la wali, ijapokuwa wengi hawakuwa na nyumba ya kumkaribisha mtu. Moshi wa udi ulikuwa mzito mpaka ukaumiza koo. Bibi Kuei alifunika mchele, akakaza, akawasha vijiti vyake. Alimwita Peiyu kwa jina, kwa sauti aliyoitoa mbali. Mama Yiru alisimama nyuma ya Jinlan. Mtoto alisimama kati yao akitazama chini.

Udi ukazimika, vijiti vyote vitatu kwa pamoja.

Bibi Kuei akafunua. Mchele ulikuwa umetulia, sawa kama maji ya kisimani. Akaupapasa kwa vidole, mara moja, mara mbili.

"Amekaa," bibi akasema. "Sasa amekaa kabisa."

Jinlan akamgeukia mtoto. Akampa keki, akaona inashikwa kwa mkono wa kushoto, moyo ukamlipuka. Mtoto akainua macho. Akamtazama Mama Yiru kwanza, sekunde moja. Halafu akaihamishia keki mkono wa kulia.

"Sipendi choroko, Mama," alisema.

Nani angefikiria lingine? Jinlan alilia mpaka akaketi chini kwenye vumbi, akicheka, akimwita Balungi wangu, Balungi wangu. Bibi Kuei akasema fulana iwekwe chini ya mto, isiguswe mpaka wiki ipite, kisha akamwita mwingine. Mama Yiru alikuwa ameshaondoka.

Yiru alizikwa siku chache baadaye pamoja na wengine wa Jumba la Masika. Jinlan alikwenda, angekosaje kwenda. Mtoto alimwacha kwa jirani wa hemani. Makuhani waliimba, akina mama walijitupa chini, wengine walizuiwa wasijirushe juu ya majeneza. Mama Yiru alisimama wima. Hakulia. Watu wakanong'onezana kwamba machozi yamemwishia kule juu ya zege. Jinlan aliona vingine. Aliona uso wa mtu anayesindikiza jeneza la watu wengine, kwa heshima, akiwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Wakafika kwenye pipa la kuchomea. Kila mtu alitupia vitu vya marehemu wake, pesa za karatasi, viatu, begi la shule. Mama Yiru akafungua boksi la keki. Akatoa kibanio akakitupa. Akatoa kitu cha njano.

Upepo wa moto ukakikunjua hewani kabla hakijaanguka.

Shingo pana. Uzi mwekundu.

Jinlan hakumbuki alivyofika pale. Anakumbuka mkono wake umo ndani ya pipa mpaka kiwikoni, na hausikii moto. Watu wakamvuta. Alikuwa ameshika kipande, kiganja kizima hakifiki, pindo la shingo na uzi wake, kingo nyeusi. Nywele za mkono wake zilinuka. Mama Yiru alikuwa amechuchumaa karibu yake, karibu sana, na alisema kwa sauti ya chini ili wasikie wawili tu.

"Nilimgongea usiku tatu, Mama Peiyu. Ungetaka nimzike mara mbili?"

Jinlan akakikaza kile kipande kiganjani. Alimchukia kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Na alimwelewa. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Alirudi hemani mkono umefungwa kitambaa. Mtoto alikuwa amelala. Akainua mto pole pole, akatoa fulana, akaikung'uta kwa nguvu mbele ya mlango wa hema, vumbi likajaa hewani. Uzi ulikuwa wa bluu. Bibi Kuei alikuwa amemwita mgeni yuleyule, mara ya pili, na kwa nguvu zote.

Bibi Kuei mwenyewe alipoletewa kile kipande alikipapasa, akakirudisha. Alisema ni kidogo mno kufunika bakuli. Tangu siku hiyo hakuita roho tena, alisema macho yamekwisha. Daktari wa kambi alimfunga Jinlan mkono, akampa vidonge vilevile, akamweleza kwa upole kwamba mama naye hushtuka, na mtu aliyeshtuka huona mambo. Mtoto wako mzima, alisema. Anakula, anasema, anacheka. Huenda ni kweli. Mimi sikuwemo kwenye hema.

Sasa wanaishi kwenye nyumba za muda za mabati, na Mama Yiru amepewa ya jirani, ukuta kwa ukuta. Kila jioni analeta kitu, supu au keki za moto. Jinlan alimfungia mlango mwezi wa kwanza. Siku hizi anamwachia wazi, kwa sababu mtoto hulala vizuri zaidi akimsikia upande wa pili. Jinlan anampikia mtoto, anamwosha nywele, anamsaidia hesabu. Mtoto mwenye njaa utamfanyaje? Kovu la kisu cha balungi lipo kwenye kidole gumba, na Jinlan akimkata kucha hulibusu, bila kujua anambusu nani.

Kiwanja cha Jumba la Masika kimezungushiwa uzio. Nyasi zimeota. Jua likishuka Jinlan huenda pale, kipande cha njano kimefungwa kwenye kitambaa kifuani, na mtoto hukataa kuachwa, huja naye. Husimama mahali ambapo zamani palikuwa na mlango wa ngazi.

"Peiyu," huita. "Mama ameshafunga gesi. Panda juu, mwanangu."

Mtoto aliyemshika mkono hujibu kwa upole, "Nipo hapa, Mama."

Na Jinlan humwambia anyamaze kidogo, asikie.